Jina Kuandikwa na Mtu Kuwa Mwanachama: Maneno Yanayochanganywa Katika Vyama Vyetu



Katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi, ambacho hakuna haja ya kukitaja, alisimama mzee mmoja akauliza kwa nini makato ya korosho ya msimu ule yamezidi ya msimu uliotangulia. Mzee huyo alikuwa ametoka upande wa delta. Aliondoka kwake usiku ili awahi maji kujaa, akavuka kwa mtumbwi hadi Nyamisati, na kutoka Nyamisati akapanda pikipiki mpaka mahali pa mkutano. Kabla swali lake halijajibiwa, mjumbe mmoja alimwomba Mwenyekiti ahakikishe kwanza kama msemaji ni mwanachama. Daftari la Wanachama likafunguliwa. Jina la mzee halikuwamo.

"Bwana Katibu," akasema mzee, "mbona mimi hapa nimeandikwa mara nne?"

Naye alisema kweli. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya waliogawiwa salfa. Lilikuwamo katika orodha ya wakulima ambayo Mtendaji wa Kijiji aliipeleka wilayani. Lilikuwamo katika vitabu vya mizani, na asubuhi ileile lilikuwa limeandikwa katika karatasi ya mahudhurio, na mbele yake dole gumba lenye wino ambao haujakauka vizuri. Lilikosekana katika daftari moja tu, na daftari hilo ndilo pekee lenye uwezo wa kumpa mtu kura na sauti katika mkutano ule. Akaombwa, kwa heshima, akaketi nyuma pamoja na waalikwa. Mimi nilikuwapo kama mwalikwa, nikasogea ili tuketi naye benchi moja.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Katibu yule alikuwa mzembe au ana hila. Sikuona hivyo. Baada ya mkutano alinionyesha matangazo yake yaliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Tangazo la salfa lilisema: "Wakulima wote wafike kujiandikisha." Tangazo la orodha ya wilaya lilisema: "Wakulima wote wafike kujiandikisha." Na tangazo la kuwakaribisha wanachama wapya, ambalo jua lilikuwa limekwisha kulififisha, lilisema maneno hayo hayo bila kupungua hata moja. Mzee aliitwa kwa neno moja katika mambo mbalimbali. Aliitika wito wa kwanza na wa pili, na ulipokuja wa tatu alikuwa na haki ya kudhani kwamba kazi hiyo alikwisha kuimaliza.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyaeleza maneno haya katika toleo hili: kuandikwa, kujiandikisha, kuandikishwa, kuorodheshwa, kusajiliwa, kujiunga, na ndugu zao wengine. Katika mazungumzo ya barazani mtu anaweza kutumia lolote kati yake akaeleweka. Katika tangazo la chama na katika muhtasari wa Bodi mambo ni mengine, kwa maana huko neno moja likiwekwa mahali pa jingine mtu anaweza kupoteza haki yake bila yeye kujua na bila aliyempotezea kujua.

Asili ya dhana ya zamani

Wazee wetu wanayo sababu ya kuamini kwamba jina likisha kuandikwa basi mtu ameingia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Operesheni Rufiji ilipowahamisha watu kutoka bondeni mwa mto na kuwaweka katika vijiji vilivyopangwa huko juu, kaya ziliandikwa na kugawiwa viwanja. Kisha ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975. Sheria hiyo iliagiza vijiji viandikishwe, kila kimoja kikiwa na kaya zisizopungua 250 (na neno lenyewe, kaya, liliachwa lilivyo hata katika maandishi ya Kiingereza ya sheria ile), na kijiji kilichoandikishwa kikahesabiwa kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Mwaka uliofuata, 1976, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa.

Tangu hapo mpaka vyama viliporudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982, mtu mzima mkazi wa kijiji hakuwa na haja ya kuomba uanachama wa ushirika. Kijiji ndicho kilichokuwa chama, naye alikuwa mwanakijiji; korosho zake zilipimwa, jina likaandikwa, yakaisha. Kijana wa miaka ile ndiye mzee wa leo. Anapokwambia "mimi nimeandikwa", anasema kwa lugha ya sheria iliyomlea.

Sheria hizo zimebadilika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1991 ilirudisha msingi wa hiari, na zile za 2003 na 2013 zikaushika. Mtu haingii chamani kwa kuzaliwa Mbwera wala kwa kujenga Bungu. Wala haingii kwa kuuza, kwani chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani mkulima asiye mwanachama naye hupeleka korosho au ufuta wake kwenye ghala la chama, hupimiwa, hukatwa makato na hulipwa kwa njia ya benki sawasawa na mwanachama. Mizani haiwatofautishi watu hawa wawili. Wanatofautishwa na daftari.

Mwenye jina na mwenye kalamu

Kitenzi mama ni kuandika, na matumizi yake ni mapana kuliko kalamu. Kuandika meza ni kupanga vyombo vya chakula. Kumwandika mtu kazi ni kumwajiri. Kutokana na kitenzi hiki kimoja Kiswahili kimezaa maneno kadhaa kwa kubadili viungo vidogo tu, na katika viungo hivyo ndimo lilimo jambo lote tunalolizungumza.

Kuandikwa hakuhitaji ridhaa ya mwenye jina. Mtu huandikwa hata akiwa amelala. Karani wa mizani huandika jina la mleta mzigo; balozi huandika majina ya nyumba zake; aliyekosana na jirani huliandika jina la jirani huyo katika shitaka. Kwa hiyo, mtu akikwambia kwamba ameandikwa, bado hujajua lolote ila kwamba mahali fulani ipo karatasi yenye jina lake.

Kuandikisha ni kumfanya mwingine aandike. Mzazi humwandikisha mtoto wake darasa la kwanza: kalamu i mkononi mwa mwalimu, lakini shauri limetoka kwa mzazi. Ukiweka kile kiungo -ji- unapata kujiandikisha, yaani mwenye jina ndiye aliyekwenda kwa miguu yake akataka jina lake liandikwe. Neno hili ni zuri kwa ushirika maana linabeba hiari ndani yake. Hata hivyo halifiki mwisho wa safari. Kujiandikisha ni kupiga hodi, na mpiga hodi husubiri aitikiwe karibu. Anayeitikia katika chama ni Bodi, au Mkutano Mkuu, kadiri masharti ya chama chenyewe yanavyoelekeza. Lipo pia neno kuandikishwa, nalo ni la kutumia kwa hadhari, kwa sababu halisemi ni nani aliyeanza jambo. Vijana waliokubali kwa hiari yao huandikishwa, na waliosukumwa nao huandikishwa. Katika muhtasari wa Bodi tungeshauri neno hili liachwe kabisa.

Kujiunga ni neno la nia na tendo pamoja. Kwa ajili ya uanachama ndilo bora zaidi katika tangazo: "Wakulima wanaopenda kujiunga na chama…" Msikilizaji haelewi vibaya, hawezi kudhani anaitwa kugawiwa salfa. Siku hizi makampuni ya simu yamelichakaza kidogo, kwani mtu huambiwa ajiunge na kifurushi ambacho uhai wake ni saa ishirini na nne. Uanachama wa ushirika hauishi usiku wa manane, na katibu anayetangaza aseme wazi "kujiunga na chama, kuwa mwanachama".

Orodha si daftari

Kuorodhesha ni kuandika majina kwa mfululizo kwa ajili ya jambo fulani, na jambo hilo likiisha orodha nayo hupoteza kazi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia mashambani na majumbani huku Rufiji na Kibiti, walioathirika waliorodheshwa ili wapate msaada. Hakuna aliyedhani kwamba orodha ile imempa cheo au haki ya kudumu. Orodha ya salfa ni ya namna hiyo hiyo. Inasema nani ana mikorosho mingapi na amechukua mifuko mingapi. Msimu ukipita inawekwa jaladani.

Kuchanganya orodha na daftari hakukuanzia katika ushirika. Mwezi Oktoba 2024 wananchi nchini kote waliitwa kujiandikisha katika orodha ya wapiga kura kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba mwaka huo. Wengi walijibu kwamba wao wamekwisha kujiandikisha na kadi zao wanazo nyumbani. Viongozi wakalazimika kuzunguka wakieleza kwamba Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo hutunzwa na Tume ya Uchaguzi na kutumika katika kuwachagua Rais, wabunge na madiwani, ni kitu kimoja, na orodha ile ya kitongoji ni kitu kingine, na kwamba jina kuwamo katika cha kwanza hakulipeleki katika cha pili. Yalikuwa ni yaleyale ya mzee wetu, ila kwa watu wengi zaidi: wito ulikuwa wa neno moja, na vitabu vilikuwa viwili.

Kuna maneno mengine mawili ambayo hukaa karibu na haya na huwapotosha watu. Kuhesabiwa ni moja. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 sote tulihesabiwa katika Sensa, na maswali yalikuwa mengi kuliko ya fomu yoyote ya chama, lakini sensa haimwingizi mtu popote. La pili ni kuhakikiwa. Katika msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza mwezi Novemba kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifuata uhakiki wa wakulima na mashamba kabla ya malipo. Wapo waliosema "nimeshasajiliwa na wale waliokuja shambani". Hapana, walihakikiwa tu, yaani yaliyokwisha kuandikwa yalipimwa kama ni ya kweli.

Kusajiliwa na Mrajis

Kusajili tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni neno zito. Tofauti yake na kuandikisha ni kwamba anayesajili ana mamlaka ya kisheria, na kazi yake ikikamilika hubaki hati au namba inayoweza kuonyeshwa kwa watu wengine. Vizazi na vifo husajiliwa na RITA. Majina ya biashara na makampuni husajiliwa na BRELA. Laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Vijana wetu, kwa upande wao, neno hili wanalijua zaidi kutokana na mpira: kila dirisha la usajili likifunguliwa husikii lingine ila nani kasajiliwa Simba na nani kasajiliwa Yanga.

Katika ushirika kinachosajiliwa ni chama. Mrajis wa Vyama vya Ushirika akisha kukisajili, chama huwa mtu mbele ya sheria: kinaweza kumiliki ghala, kukopa, kushitaki na kushitakiwa. KNCU ya Kilimanjaro iliposajiliwa mwaka 1933, chini ya sheria ya ushirika ya 1932, kilichopata hati ni chama. Wakulima wa kahawa mmoja mmoja walikuwa katika madaftari ya vyama vyao vya msingi. Ndivyo ilivyo hadi leo. Mrajis hamsajili mwanachama. Kwa hiyo katibu anayemwambia mkulima "nimekusajili" anajivika kofia isiyo yake, na mkulima naye anaondoka akiamini kwamba jambo lake limefika Dodoma.

Kuhusu jina Mrajis, makatibu wapya huliona la ajabu na hupenda kuandika Msajili. Sheria yetu imeshika Mrajis, na kuna faida yake. Nchi hii inao wasajili wengi: yuko Msajili wa Hati, yuko Msajili wa Vyama vya Siasa. Barua ya chama cha korosho iliyoandikwa kwa "Msajili wa Vyama" inaweza kuzunguka ofisi ambazo hazina habari na korosho.

Usajili mwingine unaowagusa wanachama wetu ni ule wa wakulima. Msimu wa 2022/2023 ulipoanza mpango wa mbolea ya ruzuku, wakulima walisajiliwa kupitia kwa Watendaji wa Vijiji na kuingizwa katika mfumo wa Serikali. Huo ni usajili kweli, kwa maana mamlaka ipo na namba hutolewa. Lakini ni usajili wa mkulima kama mkulima. Kadhalika kwa ndugu zetu wavuvi wa kamba na samaki huko Salale, Kiongoroni na Msala: chombo husajiliwa, mvuvi hupewa leseni, na mwanachama wa chama cha wavuvi huingizwa katika daftari la chama. Hayo ni mambo matatu, nayo hufanyika mahali patatu. Mwenye mashua iliyopigwa namba ubavuni anaweza kabisa kuwa si mwanachama wa chochote, na mwanachama hodari anaweza kuwa hana hata mtumbwi.

Sasa Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama, uitwao MUVU, na taarifa za wanachama zinaingizwa humo. Kazi hiyo ni njema. Tunawakumbusha tu makatibu kwamba kompyuta hupokea kile inachopewa. Jina likitolewa katika orodha ya salfa likapelekwa katika safu ya wanachama, basi kosa la kalamu litakuwa limepata nguvu kubwa zaidi. Na jina la mwanachama halali likisahauliwa, atakuwa amesahauliwa mara mbili.

Daftari lenyewe

Mtu huwa mwanachama lini, basi? Kwanza huomba. Kisha ombi lake hukubaliwa na wenye madaraka hayo kwa mujibu wa masharti. Hulipa kiingilio na hisa zinazotakiwa, na sheria za ushirika hazimruhusu kutumia haki za mwanachama kabla hajalipa. Mwisho huingizwa katika Daftari la Wanachama. Neno ni kuingizwa, nalo tunalipenda kwa sababu halichanganyiki na jingine lolote: lina mlango, na lina kilicho ndani.

Daftari hilo lina uzito ambao makatibu wengi hawaujui. Mbele ya sheria ni ushahidi wa awali wa tarehe mtu alipoingia na tarehe uanachama wake ulipokoma. Likitokea shauri, hoja za barazani hunyamaza na daftari husema. Wengine huliita rejista, wala si vibaya, ingawa shuleni rejista ni ya mahudhurio na hapo ndipo mwanachama mwenye watoto anapochanganyikiwa. Leja si daftari hili. Leja ni ya hesabu, huonyesha hisa na deni la kila mmoja. Tumeona chama ambacho leja ilikuwa nzuri na daftari halikuwako kabisa, na Katibu akisema kwa unyofu kwamba aliona ni kitu kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wahenga, na hapa mali yenyewe ni mtu.

Saini, sahihi na dole gumba ni jambo la kusemwa kwa ufupi lakini kwa mkazo. Mtu anayetia saini hukiri kile kilichoandikwa juu ya saini yake, na kama juu hakuna kilichoandikwa basi amekiri chochote kitakachoandikwa baadaye. Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari wala tarehe ni hatari. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo imebanwa nyuma ya ombi la mkopo wa pembejeo kana kwamba wote waliohudhuria waliridhia mkopo. Kila karatasi ianze na maneno yanayosema ni ya nini, na msomaji wa chama awasomee wasiojua kusoma kabla kidole hakijaguswa wino.

Mama aliyeandikwa kwa jina la mumewe

Jambo hili tumeliacha hadi hapa kwa sababu linahitaji nafasi. Katika vyama vyetu vingi wako akina mama ambao hupalilia mikorosho, huokota, huanika na hubeba hadi mizani, na jina linaloandikwa ni la mume. Wakiulizwa husema, "Sisi tumeandikwa." Kwa neno "sisi" wanamaanisha nyumba. Lakini Daftari la Wanachama halina nyumba, lina watu. Kura ni moja kwa mwanachama mmoja, na hisa ni za yule aliyetajwa.

Mume akifariki ndipo tofauti ya maneno inapouma. Mjane huenda ofisini akitaka kuendelea "kama kawaida". Katibu mwema humwonea huruma na kuacha jina la marehemu likiendelea kupimiwa korosho, na hapo ndipo matatizo ya benki yanapoanza, kwa maana akaunti ya marehemu haiwezi kuendelea kama kwamba hapakutokea kitu. Katibu asiye mwema hufuta jina na kunyamaza. Utaratibu wa haki ni huu: uanachama wa marehemu hukoma na tarehe huandikwa daftarini, hisa na stahili zake hufuata mtu ambaye marehemu alimteua kwa maandishi, au warithi wake, na mjane, akipenda, hujiunga kwa jina lake mwenyewe. Afadhali zaidi angejiunga mumewe akiwa hai. Hakuna sheria inayosema nyumba moja itoe mwanachama mmoja. Tunawaomba makatibu, siku ya kuwapokea wanachama wapya, wamuulize kila mwanamume aliyekuja na mkewe kama mama naye anajiunga, na wamuulize mama mwenyewe swali hilo hilo, kwa jina lake.

Nafasi ya kumtaja mteuliwa katika fomu ya uanachama aghalabu huachwa wazi, kwa kuwa watu hawapendi kuzungumzia kifo mezani pa karani. Iulizwe hivyo hivyo.

Majina mawili ya mtu mmoja

Mtu wa pwani ana majina mengi kuliko karatasi zake. Kitambulisho cha Taifa kinaweza kusema Mohamed, kitabu cha mizani kikasema Mohamedi, benki ikasema Muhammad, na kijijini akajulikana kwa jina la utani ambalo hata mkewe hulitumia. Zamani haikuwa tabu, kwa sababu karani alimjua kwa sura. Sasa fedha hupita benki, na benki haijui sura. Herufi moja ikipungua malipo hurudi, na mkulima wa ng'ambo ya maji huja mara mbili na tatu kufuatilia jambo ambalo lingemalizwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo katika kumwingiza mwanachama, jina linakiliwe kutoka katika Kitambulisho cha Taifa lilivyo, pamoja na namba yake, na jina analojulikana nalo kijijini liwekwe katika mabano. Karani asimsahihishie mtu jina lake kwa sababu yeye analiona limekosewa.

Namna ya kuandika

Mwisho wa mazungumzo yetu Katibu wa chama kile aliniomba nimwandikie mfano wa matangazo. Tuliuandika pamoja, nami nauweka hapa kwa faida ya wengine. Kwa salfa:

"Wakulima wote wa korosho, wanachama na wasio wanachama, wafike ofisini kuorodheshwa kwa ajili ya mgao wa salfa. Kuorodheshwa huku si kujiunga na chama."

Na kwa muhtasari wa Bodi:

"Bodi imepokea ombi la kujiunga la Ndugu (jina kamili), na imelikubali. Amelipa kiingilio kwa stakabadhi namba … na hisa kwa stakabadhi namba … Ameingizwa katika Daftari la Wanachama kwa namba … leo tarehe …"

Mwanachama apewe kadi yenye namba hiyo hiyo. Akipiga simu kutoka Maparoni kuuliza kama jina lake limo, Katibu afungue daftari na kumtajia namba, asimwambie tu kwamba "umeandikwa, usijali".

Mzee yule hakwenda zake mara baada ya mkutano. Alijaziwa fomu ya maombi, akatoa fedha za kiingilio zilizofungwa katika kitambaa, akapewa stakabadhi, akamwomba karani amsomee kilichoandikwa juu yake kabla hajaikunja. Ombi lake lilipangwa kwenda mbele ya Bodi katika kikao kinachofuata. Swali lake la makato aliliacha kwa jirani yake aliye mwanachama, nalo likaandikwa katika mambo yatakayojibiwa.